Kabla Ulipe Kodi, Uliza Uwanja ni wa Nani

Ukizunguka Kapsoya siku hizi utaona mabango ya fleti mpya kila kona. Kwa bango kuna mchoro wa kompyuta, na kwa mchoro lazima kuwe na nyasi. Nyasi, benchi, mti mmoja, mtoto kwa baiskeli, mrembo ameketi na simu yake. Ngoja nyumba iishe, halafu urudi ucheki. Penye nyasi pamewekwa kabro. Penye benchi pana tangi ya maji. Penye mtoto pameegeshwa Probox. Na kwa ukuta kuna karatasi imebandikwa: watoto hawaruhusiwi kucheza pakingi. Sasa wacheze wapi? Kwa ngazi, hadi wa juu na wa chini waanze kupigana.

Mi naishi kwa nyumba kama hiyo. Niliacha chuo mwaka wa pili, natengeneza video, na nyingi ya hizo video nimerekodi nikiwa nimesimama kando ya barabara, juu kila nikisimama karibu na geti la mtu, soja anakuja kuniuliza natafuta nani. Nikaanza kujiuliza: hii Eldoret ilikosaje mahali pa kuketi? Nikasoma. Nilichopata kimenifanya nione hizo pakingi kwa macho mengine, na ndio maana hii posti ni ndefu kuliko kawaida yangu. Vumilia.

Wengi tunadhani shida ni tamaa ya landlodi, ama wachoraji ramani wabaya. Tamaa ipo, sikatai. Lakini historia inaonyesha kitu kingine. Mahali pa pamoja panadumu pakiwa na wenyewe: watu wanaojulikana, wenye haki ya kupatumia na kazi ya kupatunza. Hao wakikosekana, hata pachorwe vizuri namna gani, patachukuliwa. Wacha nikuonyeshe.

Kabla ya mji kulikuwa na kok

Kabla hapa kuwe na barabara hata moja, jamii za Kalenjin zilikuwa na mahali maalum pa kukutana. Wanaume wa eneo walikuwa na kok, mahali pa kuketi, mara nyingi chini ya mti. Kwa Wanandi, baraza la majirani liliitwa kokwet, na neno hilohilo lilimaanisha ule ujirani wenyewe. Fikiria hiyo kidogo. Neno la mtaa na neno la kikao ni moja. Mtaa usiokuwa na kikao haukuwa mtaa.

Hapo ndipo kesi za ng'ombe, mipaka na ugomvi wa majirani zilisikizwa. Hakukuwa na hati miliki ya huo mti. Lakini kila mtu alijua ni wa kina nani, nani anaongea, na nani anaitwa kukiwa na kazi.

Mfano mzuri zaidi wa hiyo kazi uko karibu na sisi, chini kule Bonde la Kerio. Wamarakwet wamekuwa na mifereji ya kunyunyizia mashamba kwa karne kadhaa. Maji yanatolewa milimani Cherangani, yanashushwa ukingo wa bonde kwa mitaro ya mawe, miti na udongo, mpaka shambani. Mfereji ni wa ukoo fulani. Ukibomoka, wanaume wa ukoo huo wanaitwa kurekebisha. Usipotokea unalipa faini. Zamu za maji na kesi zake zinaongewa kokwo, kile kikao chao. Mfereji haukuwa na mkandarasi. Ulikuwa na majina ya watu.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kushinda Nobeli ya uchumi, mwaka wa 2009, alitumia maisha yake kuchunguza vitu kama hivi duniani kote: misitu, malisho, maji. Kabla yake wasomi wengi walikuwa wanarudia hoja ya Garrett Hardin ya 1968, kwamba kitu cha wote lazima kiharibike kwa sababu kila mtu anavuta kwake. Ostrom akaonyesha kwamba si lazima. Watu wanaweza kutunza kitu cha pamoja wakijua mpaka wake, wakijitungia sheria wenyewe, wakiwa na mtu wa kuangalia, na adhabu inayoanza kidogo ikipanda kwa anayerudia kosa. Wamarakwet wangemwambia hiyo tunaijua, mama, kaa tukupe mursik.

Lakini tusijidanganye pia. Kok ilikuwa ya wanaume, na sauti kubwa ilikuwa ya wazee. Nitarudi hapo, juu hiyo shida bado tunayo.

Mji ulioanza na namba ya shamba

Sasa tuje mjini. Unajua kwa nini wazee wanaita Eldoret Sisibo? Ni "sixty-four" kwa ulimi wa Kikalenjin. Mji ulianzia kwa shamba namba 64. Mwaka wa 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walifika huku Uasin Gishu na magari yao ya ng'ombe. Serikali ya Waingereza ikakata ardhi ikaipa namba. Posta ikafunguliwa kwa shamba la 64 mwaka wa 1910, na mwaka wa 1912 mji ukapewa jina la Eldoret.

Kwa hivyo sisi tunaishi kwa mji ambao jina lake la kwanza lilikuwa namba ya ploti. Sisemi kwa ubaya, lakini inaeleza mengi.

Na ukumbuke ni nini kilitangulia. Wanandi walipigana na Waingereza zaidi ya miaka kumi. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei aliitwa kwa mkutano wa amani, na hapohapo kwa mkutano akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Kwetu kukutana na serikali kulianza hivyo.

Baada ya hapo, mji wa kikoloni ulimwona Mwafrika kama mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu karibu 1920. Ukipatikana mjini bila kipande, ni jela. Kulikuwa na sheria za uzururaji, maana yake ukiwa umesimama tu bila kazi inayoeleweka, wewe ni mhalifu. Kisha 1950 ikaja sheria ya kudhibiti mikutano ya hadhara, ambayo ilitaka mkutano uwe na kibali. Hiyo ya kibali haikuondoka na Mzungu. Ilikaa mpaka 1997, ndipo ikabadilishwa ikawa unatoa tu taarifa. Sheria ya uzururaji nayo ilifutwa mwaka huohuo.

1997! Wazazi wetu wengi walikuwa watu wazima. Ndio maana mzee wako akikuona umesimama kona na maboys anakuita ndani. Hajachanganyikiwa. Alikulia kwa nchi ambayo kusimama kona kulikuwa kosa. Na soja akikuuliza "unatafuta nani?", hilo swali lina zaidi ya miaka mia moja.

Kaloleni: Mzungu alipojaribu kuchora mtaa

Ukitaka kuona mtaa uliochorwa na uwanja katikati, itabidi uende Nairobi, Eastlands. Mtaa unaitwa Kaloleni, ulijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika.

Wazo lake lilitoka mbali. Mwingereza Ebenezer Howard aliandika mwaka wa 1898 kuhusu miji ya bustani, ambapo mtu wa kawaida angeishi karibu na nyasi na kazi pamoja. Mwaka wa 1929 Mmarekani Clarence Perry akaeleza mtaa kama kitengo: shule, ukumbi na viwanja viwe katikati, mtoto afike bila kuvuka barabara kubwa. Mwaka huohuo huko New Jersey wakaanza kujenga Radburn, nyumba zikitazama bustani ya pamoja na magari yakipitia nyuma. Mawazo haya yakaingia hadi kwa ramani kuu ya Nairobi ya 1948, iliyochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini.

Kaloleni ikapata nyumba za mawe, nafasi kubwa wazi, na ukumbi katikati. Mkoloni hakuwa anatufanyia hisani. Miaka hiyo ilikuwa ya migomo, na serikali ilitaka wafanyakazi watulie, wakae na familia, wasisumbue. Uwanja ulikuwa wa kutuliza watu.

Sasa skiza kilichotokea. Watu walichukua ule ukumbi wakaufanya wao. Miaka ya 1950, Tom Mboya na wenzake walihutubia Kaloleni, na watu walijaa. Mahali palipochorwa ili watu watulie pakawa mahali pa kudai uhuru.

Mi hii ndio sehemu naipenda zaidi. Mchoraji anaweza kuweka uwanja, lakini hawezi kuamua utafanya nini ndani yake. Na pia inakuambia kwa nini wenye nguvu huwa hawana haraka ya kukujengea uwanja.

Baada ya uhuru: mchoro mzuri, wenyewe hakuna

Tuingie miaka ya 1970. Nairobi inajenga Buruburu, phase tano, kuanzia 1973 hadi 1983. Ukiangalia ule mchoro ni mtamu. Nyumba zimepangwa kwa vikundi, zinazunguka ua, njia za gari haziendi mbele kwa hivyo hakuna gari la mpita njia, watoto wanacheza. Watu wa tabaka la kati, mikopo ya nyumba, kila kitu.

Nenda leo. Nyua nyingi ni pakingi na mageti. Watu wameongeza vyumba, maduka na fleti hadi ukuta wa mwisho, na nyasi za katikati zimeliwa kidogo kidogo. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ilikuwa na hati ya mtu, lakini ule ua ulikuwa wa baraza la jiji, na baraza la jiji lilikuwa mbali na limefilisika. Hakuna jirani aliyepewa kazi ya kuutunza, na hakuna jirani aliyekuwa na haki ya kumwambia mwenzake toa ukuta wako hapa. Mmoja akisogeza ua futi mbili na asiambiwe kitu, wa pili anasogeza tatu.

Wakati huohuo mambo makubwa zaidi yalikuwa yanachukuliwa juu. Mwaka wa 1989 serikali ya KANU ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua, akatukanwa Bungeni, akaendelea kuandika, na ule mjengo ukafa. Mwaka wa 1991 ikawa zamu ya bustani ya Jeevanjee, walitaka kuweka jengo la pakingi. Pakingi tena! Zarina Patel, mjukuu wa yule A. M. Jeevanjee aliyetoa hiyo bustani kwa umma mwaka wa 1906, akasimama na watu, ikaokolewa. Leo watu wa Bunge la Mwananchi bado wanaketi pale kubishana siasa.

Lakini hizo ni zilizopata watu wa kusimama. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti 2004, ilieleza vile ardhi ya umma nchi nzima ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, viwanja na nafasi za barabara zikiwemo. Na Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliandamana juu uwanja wao wa kucheza ulikuwa umezungushwa ukuta na mtu. Walirushiwa vitoza machozi. Watoto, na yunifomu.

Uhuru Park na Jeevanjee zilikuwa na wenyewe wanaojulikana. Uwanja mdogo wa mtaa usiokuwa na jina nani angeuandikia barua?

Hesabu ya ploti ya 50 kwa 100

Sasa turudi kwetu, uone vile Eldoret ilifika hapa.

Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi karibu na mji yalinunuliwa na vikundi na kampuni za kununua ardhi. Watu walichanga pesa, wakanunua shamba, wakagawana. Mitaa kama Langas na Huruma ilizaliwa namna hiyo. Kisha mji ukakua. Sensa ya 2009 ilihesabu watu karibu 289,000 Eldoret. Ya 2019 ikahesabu karibu 475,000. Tarehe 15 Agosti 2024 tukapewa hadhi ya jiji, tukapiga picha, tukafurahi.

Lakini angalia hesabu ya chini. Ploti yetu ya kawaida ni futi 50 kwa 100. Hiyo ni futi 5,000 za mraba, kama mita 465 hivi. Ekari moja ukitoa njia inakupa ploti nane. Mwenye shamba akiacha ploti moja iwe uwanja, amepoteza moja kwa nane ya mauzo yake. Na aliyenunua ploti atajenga hadi ukingoni, kwa sababu jirani yake pia amejenga hadi ukingoni. Kila mtu amefanya hesabu yake vizuri, na mtaa mzima umekosa pa kuketi. Hakuna mtu mbaya kwa hii hadithi. Kila mtu alikuwa na kipande chake, na cha pamoja hakikuwa na mwenyewe.

Kwa hivyo sisi tumejitafutia. Tunaita base. Kuna base ya boda, base ya kona ya kinyozi, base ya pale kwa mutura. Base ni kok ya watu wasio na ardhi: jiwe, ukuta mfupi na kivuli cha duka la mtu. Siku mwenye duka akiamka vibaya, base imehama.

Na hapa nirudi kwa ile shida niliyoacha. Angalia base yoyote Kapsoya uhesabu wasichana. Utahesabu haraka sana. Sistangu ana miaka kumi na saba, na nikimuuliza hukutana na marafiki wake wapi ananiambia kanisani, shuleni, na kwa simu. Kok ilikuwa ya wanaume, kona ya kikoloni ilikuwa ya mwenye kipande, base ni ya maboys. Ukijenga uwanja bila kufikiria nani ataogopa kuketi hapo saa kumi na mbili jioni, umejenga base nyingine tu, ila yenye kabro. Mwanga unasaidia, na si lazima iwe mulika mwizi kubwa. Taa chache zinazowaka kweli zinatosha. Benchi kuelekea mahali watu wanapita inasaidia. Kibanda cha mama wa mahindi choma hapo kando kinasaidia kuliko soja wawili. Jane Jacobs aliandika mwaka wa 1961 akiwa New York kwamba usalama wa barabara unatoka kwa macho ya watu wanaoitumia. Mama wa mahindi anajua nani amepita na saa ngapi.

Kwa nini Eldoret haiwezi kucheza na hii

Najua kuna mtu anasema, bro, hii ni mambo ya nyasi tu, kuna watu hawana kodi. Skiza.

Mji wetu unajua kinachotokea majirani wakiacha kujuana. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Eldoret iliungua. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa lilichomwa na watu ndani. Maelfu walilala kwa mahema pale uwanja wa maonyesho. Nchi nzima zaidi ya watu 1,100 walikufa. Familia nyingi hazikurudi zilikokuwa zinaishi.

Sitakudanganya kwamba benchi ingezuia hiyo. Kuna majirani waliokuwa wanajuana kwa majina na bado nyumba zikachomwa. Sababu zilikuwa ardhi, siasa na pesa za wanasiasa. Lakini nauliza kuhusu baada. Tulijengaje upya? Tulijenga kuta, mageti na waya wa stima juu. Mtoto aliyezaliwa 2008 sasa ni kijana, na anaweza kuishi Kapsoya miaka kumi na asiwahi kuketi mahali pamoja na mtoto wa kabila lingine nje ya shule. Watu wakijuana kwa grupu ya WhatsApp ya kulalamikia maji pekee, uvumi ukija unakimbia kuliko wao.

Na sisi tuliona Juni 2024. Vijana wa nchi nzima tulipanga maandamano kwa simu, na wengi tulikutana uso kwa uso mara ya kwanza barabarani, tukiwa tayari tunakohoa. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inatupa haki ya kukutana kwa amani bila silaha. Haki tunayo. Mahali pa kuitumia bila gesi ndio hatuna.

Mahali ambapo watu walifanya

Usidhani haiwezekani. Dandora, Nairobi. Huo mtaa ulianza kwa mkataba wa 1975 kati ya Kenya na Benki ya Dunia: ploti kama 6,000, watu wapewe msingi, maji na choo, wajijengee. Miaka ikapita, nyua zikajaa taka na mitaro ikaziba. Kuanzia miaka ya 2010, vijana wa Dandora wakaanza kuchukua ua mmoja mmoja. Walizoa taka, wakapanda nyasi na miti, wakapaka rangi. Kisha wakafanya ile kitu Buruburu haikufanya: wakaweka utaratibu. Wakazi wanachangia kitu kidogo, vijana wanapata kazi ya kusafisha na kulinda, na ua mmoja unashindana na mwingine nani ana mtaa safi. Hiyo ni mifereji ya Marakwet tena, ila kwa nyasi na rangi.

Pwani pia wanajua. Miji ya Waswahili kama Lamu na Zanzibar ilijenga baraza, benchi ya mawe nje ya nyumba. Mwenye nyumba anaijenga na kuifagia, mpita njia anaketi. Haki na kazi ziko mlangoni kwa mtu mmoja anayejulikana, na imedumu karne nyingi. Bustani ya Forodhani nayo, pale mbele ya bahari Zanzibar, ilitengenezwa miaka ya 1930. Ilichakaa vibaya kwa kukosa matunzo, ikakarabatiwa na shirika la Aga Khan na kufunguliwa tena 2009. Bustani nzuri, mahali maarufu, na bado bila wa kuitunza ilioza. Kabro yako ya Kapsoya ni nani?

Maswali ya kuuliza

Sasa nyumba mpya zinakuja kwa wingi, za watu binafsi na za serikali. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wa aliyeajiriwa, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Hizo ni pesa zetu, kwa hivyo uwanja wake pia ni swali letu. Ukienda kuangalia nyumba, ya kukodi au ya kununua, uliza haya matatu:

Moja, hii sehemu ya wazi iko kwa hati ya nani? Ikiwa mwenye shamba aliitoa kwa umma wakati wa kugawa ardhi, basi ni ya kaunti na inafaa kuonekana kwa ramani. Omba uione. Ikiwa ni fleti za kuuzwa moja moja, sheria ya 2020 ya majengo ya aina hiyo inasema sehemu za pamoja ni za wenye nyumba wote kwa pamoja, na wanazisimamia kupitia shirika lao. Hakuna mtu mmoja anayefaa kuamka na kuweka kontena hapo.

Mbili, nani anaifagia, na analipwa na nani? Usikubali jibu la "tutapanga". Jengo la nyumba 40, kila nyumba ikitoa shilingi 100 kwa mwezi, ni 4,000. Hiyo inalipa kijana wa mtaa siku kadhaa za kazi, balbu na mbegu ya nyasi. Kama hakuna jina la mtu na hakuna siku, hakuna uwanja.

Tatu, mpangaji ana sauti? Hili ndilo linaniuma zaidi. Ile sheria inawapa sauti wenye hati. Lakini wengi wetu tunapanga. Watoto wanaofukuzwa pakingi ni wa wapangaji. Sistangu ni wa wapangaji. Kokwet ilikuwa ya waliokaa hapo, na hakuna aliyeulizwa hati kwanza. Hata kama sheria haijatutaja, hakuna kinachozuia jengo kuwa na kikao cha kila mwezi ambapo kila mlango una kura moja, mwenye nyumba na mpangaji, mama na kijana.

Kwetu tumeanza kidogo. Jumamosi iliyopita tulikuwa watu tisa, jembe mbili, na kile kipande cha udongo nyuma ya tangi ambacho hakuna gari linaingia. Kati ya hao tisa, wanne walikuwa wasichana. Tuliandika majina yetu kwa karatasi, na zamu ya kila mtu na wiki yake, tukaibandika palepale kwa ukuta, chini ya ile nyingine ya watoto wasicheze. Keteka ameiona na hajaitoa. Wiki hii ni zamu yangu.